Tulipobadilisha Wishboni ya Gari la Mama

Siku yake ya kwanza kazini Babu hakupewa spana. Fundi Mkuu wa karakana ya serikali alimlaza chini ya lori, wenzake wakawa wanalitikisa, yeye asikilize tu na kusema panagonga wapi. Alilala pale mpaka saa nane mchana. Alipotoka akasema, "Bushi ya kushoto, mzee." Fundi Mkuu akamjibu, "Kanawe ule. Kesho uje na ovaroli."

Haya alinisimulia Jumamosi, nikiwa nimelala chini ya gari la mama, hapa kwetu Igogo, yeye amekaa kwenye kigoda pembeni. Nayaandika kwa sababu mdomo wa kuyasimulia sina.

Gari lilikuwa linagonga ko-ko-ko kwenye kila shimo. Mama alitaka kulipeleka kwa fundi kule Mirongo.

"Mimi niko hapa, unamtafuta fundi gani?" Babu akauliza.

"Baba, mikono hiyo inatetemeka. Hata chai unamwaga."

"Chai siyo nati."

Mama akacheka, lakini akatoa sharti: likigonga tena, linakwenda kwa fundi, na Babu asiliguse tena maisha. Babu hakucheka.

Tukagawana kazi, yeye maneno, mimi mikono. Wishboni ni mkono wa chuma unaolishika gurudumu lisiyumbe. Kwenye maungio yake kuna bushi, mipira ya kupunguza mtikisiko, na zetu zilikuwa zimekwisha kabisa. Tulinunua wishboni nzima yenye bushi mpya. Kung'oa bushi peke yake kunataka mashine, na hapo, Babu alikiri, hata yeye angekwenda kwa fundi.

Nikiwa nalegeza nati, akanihamishia kwenye kituo chake cha pili, kiwanda cha pamba, kwenye malori ya kusomba marobota. Huko alikuwepo Mkuu wa Usafirishaji, mtu wa kuvaa tai hata penye grisi. Na huko ndiko Babu alikoharibu. Alikaza bushi lori likiwa juu ya jeki, gurudumu linaning'inia. Liliposhuka chini mpira ukajisokota, na baada ya siku chache ukachanika.

"Mkuu akaniambia, 'Kijana, umelikaza likiwa linabembea! Likaze likiwa limebeba uzito wake.' Basi mwaka mzima nikaitwa Bembea. Hata mpishi wa kantini: Bembea, njoo na sahani yako."

Alicheka mpaka akakohoa. Sijawahi kumwona vile tangu Bibi afariki.

Wishboni mpya ikaingia, nikapachika bolti kwa vidole.

"Haya, kaza," Babu akasema. "Kaza mpaka mwisho."

Nikaangalia gurudumu. Linaning'inia. Nikadhani ananijaribu, nikasubiri acheke. Hakucheka. Mama alikuwa amesimama dirishani anatutazama. Nilitamani nikaze tu yaishe. Nimkosoe Babu, mwanaye anasikia?

Nikanong'ona, "Babu, bado linabembea."

Akaliangalia gurudumu kwa muda mrefu, mpaka nikajuta kusema.

"Weka jeki chini ya wishboni," akasema polepole. "Pandisha mpaka gari liilalie. Kisha kaza."

Nikakaza.

Tukapanda wote, mama akaendesha mpaka karibu na ziwa, kwenye ile barabara mbovu kuliko zote. Kimya. Hakuna ko-ko-ko.

"Baba, nimeshindwa," mama akasema. "Wewe bado fundi."

Nikatazama nje. Babu angenyamaza, nisingemwambia mtu yeyote.

"Hapana," Babu akasema. "Mimi nilisema likazwe likiwa linaning'inia. Huyu ndiye aliyenikumbusha."

Mama akapunguza mwendo. "Baba, kusahau mara moja tu..."

"Mikono niliweza kuazima, mama. Kichwa nilidhani bado ninacho." Akafungua kioo upepo uingie. "Kiwandani walinipa barua ya kustaafu, miaka yote hii nabishana nayo. Leo nimeikubali."