Kurasa Arobaini Kabla ya Ijumaa

Saa saba mchana, wenzake wanapokimbilia ugali wa kantini, Virginia Mumbua anajipenyeza kwenye stoo ya vitu vilivyosahauliwa na wageni, katika hoteli moja ya Diani. Anafuta mikono kwenye aproni, kisha anafungua kitabu cha Kiingereza kilichochakaa, chenye umri wa miaka mia na ushei.

Ni kitabu cha viinimacho vya sayansi na hesabu: mshumaa unaopandisha maji ndani ya glasi, yai linaloingia chupani bila kupasuka, namba uliyoificha moyoni ikatajwa na mwenzako.

Virginia, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, hutandika vitanda. Alikiokota Januari hii ya 1998, nyuma ya kabati la chumba. Kanuni ya hoteli ni kwamba kitu kikikaa miezi sita bila kudaiwa, huwa cha aliyekiokota. Zilikuwa zimebaki wiki tatu tu.

Lakini siku ile alipokiokota, kwa uaminifu wake, alinakili kwenye daftari la stoo jina na anwani alizozikuta ndani ya jalada. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Hoteli ikaandika kwa anwani hiyo, na juzi jibu lilifika kutoka Uingereza: mwenyewe anakitaka. Kitatumwa Ijumaa.

"Ningenyamaza kingekuwa changu," anasema. "Nimejichongea mwenyewe."

Kwao Makueni alikuwa akiongoza darasa kwa hesabu, hadi babake alipofariki naye akaacha shule kidato cha pili. Alitaka ualimu, akaishia kwenye mashuka.

"Nilidhani nimeshasahau. Wapi! Kitabu hiki kimenifukua moyo wote."

Sasa anakinakili, michoro na yote. Amejaza madaftari matatu. Zimebaki kurasa arobaini na siku mbili.

"Kutoka nacho hakuruhusiwi," anasema mtunza stoo, Mzee Charo, mwenyeji wa Waa. "Lakini kila siku yuwaja, anipa shikamoo yangu, aketi. Kusoma hakujakatazwa na mtu."

Mwakani Virginia anakusudia kufanya mtihani wa kidato cha nne, pamoja na watoto wa rika la bintiye.

"Wacheke tu. Natamani mtu aniite mwalimu, hata mara moja."

Mzee Charo anatazama saa ya ukutani, kisha anamsogezea kitabu.

"Haya, mwalimu, zimesalia dakika kumi. Andika."

Virginia anakisukuma kitabu kando kidogo, machozi yasikilowanishe, kisha anaandika.