Jumamosi Betri Ilipozimika

Jumapili iliyopita nilimkuta binti yangu hapa nyumbani Kitengela, miguu juu ya kochi, akitazama kwenye runinga watu saba waliofungiwa nyumba moja wakigombania nani amekula kuku wa nani. Nikamwambia azime. Akacheka: "Mum, wacha wivu." Rafiki yangu, laiti angejua amenigusa wapi!

Wivu ninao tangu utotoni, tena wa kutosha kata nzima. Miaka ile ya tisini hapa petu palikuwa nyasi kavu na vumbi, na runinga ilikuwa moja tu, ya mama jirani, iliyotumia betri ya gari. Jumamosi jioni tulinawa miguu mlangoni, tukakaa sakafuni katikati ya harufu ya moshi na chai ya maziwa, tukatazama chemsha bongo ya shule za msingi. Mimi nilijibu kabla mtangazaji hajamaliza kuuliza. Nyanya alinifinya ninyamaze, maana tulikuwa kwa watu.

Kisha shule yetu ikaalikwa kupeleka mwanafunzi mmoja. Kwenye mtihani wa kumchagua, binti wa mama jirani akanipita kwa alama moja. Moja! Mwalimu akanifariji: "Wewe utaenda mwaka ujao." Mwenzangu akashonewa sketi mpya, akaenda Nairobi kurekodiwa, akarudi akiongea kwa pua. Nilimchukia mpaka muthokoi wa nyanya, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, ukanishinda kumeza.

Jumamosi ya kipindi chake, mimi ndiye niliyetumwa kupeleka betri mjini kwa punda ichajiwe. Fundi alisema itajaa saa tisa. Nikaichukua saa sita.

"Imejaa?" mama jirani akauliza.

"Imejaa, mama."

Jioni nyumba ilifurika watu. Uso wa bintiye ulipotokea kwenye kioo cha runinga, mama jirani aliinuka akaugusa. "Enkerai ai!" akaita kwa Kimaasai, mtoto wangu. Mtangazaji akaanza kusoma swali la kwanza. Picha ikasinyaa, ikawa nukta, ikazimika. Mama jirani akabaki ameweka kiganja kwenye kioo.

"Si neno," akasema. "Watarudia."

Hawakurudia. Na kabla mwaka wangu haujafika, kipindi kiliondolewa. Miaka michache baadaye, saa ileile ya Jumamosi, wakawekwa vijana wa kutukanana na kubusiana. Walisema vipindi vya namna hiyo ni rahisi kutengeneza. Majibu yangu yote nilibaki nayo kichwani, na mengine ninayo mpaka leo.

Mama jirani tulimzika mwaka jana. Bintiye alinishika mkono kando ya kaburi, akaniambia kinachomuuma ni kimoja tu, kwamba mamake hakuwahi kumwona akijibu. Nilipaswa kumwambia kuhusu betri. Midomo ilifunguka kabisa. Lakini wivu ulinijaa upya, palepale na udongo mikononi, nikanyamaza.

Yeye angalau aliulizwa.