Utando wa Bwawa la Tatu

Wenzake walimwita Mama Utando, na kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kulikataa jina hilo. Kazi yake ilikuwa kutunza ute wa kahawia unaotanda juu ya mchanga katika mabwawa ya kuchujia maji ya mji. Ndani ya ute huo mna bakteria wasiohesabika, na hao ndio wanaovimaliza vijidudu vya maradhi. Bila wao, mchanga ni mchanga tu.

Alipougua mgongo akalala nyumbani wiki nzima, meneja mpya alipita mabwawani, akauona ute, akakunja pua. Wageni wa ukaguzi walikuwa njiani. Akaamuru bwawa la tatu lisuguliwe mpaka chini, lioshwe kwa klorini yote iliyobaki stoo. Likang'aa kama sahani mpya.

Mama Utando aliporudi, aliinama ukingoni akanusa. Harufu ya udongo haikuwepo.

"Meneja, mwanangu, umefukuza wafanyakazi wote ukabaki na jengo."

"Mama, acha mafumbo. Maji meupe pe! Tia saini nifungulie mji, watu wana kiu."

"Mjukuu wangu ndio kwanza anaota meno, naye ana kiu. Na dawa ya akiba umeogeshea mchanga."



Mama Utando alichukua ndoo, akakwangua ute kidogo wa bwawa la pili, akaumwaga katika la tatu taratibu, kama anayepanda miche. Kisha akaacha maji yapite polepole na kuishia mtaroni. Mji ukanywa kwa zamu kutoka mabwawa mawili.

Kila asubuhi alipeleka chupa ya sampuli maabara. Kila asubuhi meneja alimfuata na fomu.

"Bado?"

"Bado."

"Simu zinaniua, mama."

"Waambie kikongwe wako anatembea polepole."

Siku ya kumi na mbili vijidudu vilikuwa vimepungua, lakini si vya kutosha. Mgongo ulimwaka moto. Saini moja tu, akalale. Alishika kalamu muda mrefu, kisha akaandika: bado.

Akarudi bwawani, akapiga magoti kwa shida, akapitisha kidole ukutani chini ya maji. Kiliteleza. Kidogo sana, lakini kiliteleza. Akakifuta kwenye gauni, akaenda kutafuta pa kukaa.