Uso wa Marehemu Kaari

Nauza mafuta ya ngozi hapa Makutano, na sitajitetea: krimu iliyomharibu Kaari niliiuza mimi. Inang'arisha wiki mbili, kisha inadai chake.

Kaari huchoma mahindi ng'ambo ya duka langu. Miaka kumi na tisa ameinamia jiko, moshi machoni, jua la saa saba utosini, soda badala ya maji. Alipofika arobaini na mbili akataka kurudisha usichana wake kwa kikopo changu. Akaambulia mabaka meusi mashavuni na ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu. Jicho la kushoto, kwa kuzoea kukwepa moshi, likabaki limefinyika.

Jina alirithi kwa marehemu nyanya yake, aliyemzaa Nelius, mama yake Kaari. Kwetu anayepewa jina la marehemu ndiye yule yule amerudi, kwa hivyo Nelius alimwita bintiye "mama" tangu akiwa mchanga. "Mama, leo hunipikii?" Tulikuwa tukicheka.

Mwezi wa nne utani uliisha. Kaari alifika nyumbani Kinoru mchana, akamkuta Nelius amevaa nguo ya kanisani, kiondo magotini.

"Umechelewa, mama," Nelius akamwambia. "Twende."

"Wapi?"

"Si huko unakokaa." Akampapasa mabaka moja moja, polepole. "Na hata hujabadilika."

Tangu siku hiyo akakataa chakula. Anayesafiri na wafu hali kitu, alisema.

Siku ya tatu Kaari aliniletea picha ya kitambulisho cha yule nyanya, iliyopigwa nyanya akiwa na miaka sabini, baada ya maisha yote ya kupika katika jiko lisilo na dirisha. Jicho lile lile. Mabaka yale yale, mahali pale pale. Nywele zilinisimama. Nilimrudishia haraka, sikutaka ilale dukani kwangu.

Daktari wa ngozi alimwambia Kaari aache krimu, avae kofia, ahamishe jiko moshi usimpige usoni, anywe maji, alale vya kutosha. Ngozi ingejirudi, ila kwa miezi. Nelius hakuwa na miezi.

Basi Kaari akajifunga kitambaa kama cha kwenye picha, akasimama mbele ya mama yake.

"Nelius, kula. Leo siendi na wewe."

Ajuza wa miaka sabini na minne akafungua mdomo kama mtoto aliyegombezwa. Akamaliza uji.

Ikawa hivyo kila mchana. Siku moja niliwapelekea mboga, nikasikia kwa masikio yangu: "Ni kesho, mama?" Na Kaari, kwa sauti nisiyoijua: "Bado. Kula kwanza." Niliacha mboga mlangoni nikaondoka.

Huku nyuma alifuata maneno ya daktari. Kufikia mwezi wa nane mashavu yalikuwa yanatakata, hata jicho limeanza kufunguka. Nilifurahi, nikamsifu. Akavuta kofia hadi machoni.

Jana aliingia dukani, kofia mkononi.

"Caroline, nipe kale kakopo."

"Wewe! Si daktari alikukataza?"

"Mama amenishika uso leo. Ameniuliza mimi ni nani, na mama yake nimempeleka wapi. Uji ameumwaga."

Nilikuwa nimebakiza kimoja, nyuma ya rafu. Niliogopa, lakini nilimpa.