Bibi Mdogo wa Kutoka Kwanza

Pale ninapoishi sasa, upande wa Bungoma wa kuelekea Mabanga, watu wananiita Bibi Mdogo. Mume wangu yuko hai, mimi nimeolewa na mmoja na yeye ameoa mmoja (kwa kadiri ninavyojua), na yule mzee ninayesemekana kuwa bibi yake mdogo sikuwahi kumwona akiwa mzima hata siku moja. Nilimkuta kwenye jeneza, na nikamlilia kuliko mjane wake. Aibu hiyo bado inaniamsha usingizini, lakini wacha niwaambie mwenyewe, kwa sababu mkipita hapa mtaambiwa na wengine, na watu wa hapa wanapenda kuongeza chumvi.

Mimi ni muuguzi. Nilifanya kazi Kitale miaka mingi, halafu nikahamishiwa Bungoma, na kila niliyemwambia alisema ah, si ni hapo tu, lakini anayesema hivyo hafanyi zamu ya usiku, na mume wake si dereva wa lori anayeshinda barabara ya Lodwar. Nikiwa kazini usiku watoto wangu wanabaki na msichana wa kazi, na wasichana wa kazi mnawajua, leo yuko, kesho amerudi kwao. Kwa hivyo kwangu mtaa mzuri si lami wala maji ya mfereji. Mtaa ni nani atamwona mtoto wangu wakati mimi simwoni. Ile ploti yetu ya Kitale ilinifunza. Siku moja Tito, kitinda mimba wangu, alitoka getini mchana kweupe akatembea peke yake mpaka sokoni, na nilipouliza majirani kila mmoja alifungua mlango kidogo akasema hajaona kitu, na mmoja (huyo sitamsahau) akasema alimwona, ila hakutaka kuingilia mambo ya watu. Aliyemshika mkono ni mama muuza ndizi. Tangu siku hiyo moyo wangu haukukaa vizuri, hata nikimdunga mtu sindano nawaza Tito yuko wapi.

Basi Jumamosi moja nikavaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe (nilitaka mwenye nyumba aone mtu wa heshima), nikawavisha watoto nguo za kanisa, Mercy mkubwa akamshika Tito mkono, tukaenda Bungoma kukutana na ajenti wa nyumba anayeitwa Wafula. Wafula ni mtu wa maneno. Nyumba ya kwanza ilikuwa ukuta kwa ukuta na posho mill ya kusaga unga, akasema huo mngurumo watoto watauzoea, hata utawabembeleza. Ya pili ilikuwa na shimo la choo lililofunikwa kwa ubao mmoja, na ubao wenyewe umeoza. Tulipofika ya tatu roho yangu ilikuwa imeshakata tamaa, nikaona paa jipya, nyasi fupi, na tairi la bembea limefungwa kwenye mparachichi, na Tito akalikimbilia kabla sijasema lolote.

"Hapa ni pazuri, madam," Wafula akasema. "Hakuna kelere."

Hapo hapo spika zikanguruma nyuma ya ua, kwaya ikaanza kuimba.

"Hiyo ni ya leo tu," akasema.

Nilichokiona mimi ni milango. Ilikuwa nyumba kadhaa kwa mstari, na zote zimefungwa, hakuna mama anayefua, hakuna mtoto anayelia, na kwangu hiyo ilikuwa Kitale tupu. Nikamuuliza majirani wako wapi, akasema wako. Ni watu wa aina gani? Akasema ni watu wazuri. Ajenti gani atakuambia ni wabaya? Kisha akasema mwenye nyumba ako na shughuli kidogo, ngoja aende amtafutie ufunguo, dakika mbili tu.

Dakika mbili za Wafula zikawa ndefu, manyunyu yakaanza, na mimi nikakumbuka neno la marehemu mama yangu. Alikuwa anasema ukitaka kujua watu usiwaangalie kwenye harusi, kwenye harusi kila mtu ni mzuri, waangalie wakizika. Na hapo nyuma ya ua kulikuwa na matanga, hema mbili kubwa, watu tele. Nikajiambia niingie tu nikae nyuma kabisa, niwaangalie hawa watu kidogo, kisha nitoke kabla Wafula hajarudi. Huo ndio uamuzi mdogo niliofanya, jamani, na ulionekana wa busara sana.

Hatujakaa hata vizuri, mwanamke mmoja mwenye utepe wa zambarau kifuani akatujia. Baadaye nilijua anaitwa Nasimiyu na ni kifungua mimba wa marehemu.

"Karibu mama. Mmetoka mbali?"

"Kitale," nikasema.

"Kitale gani?"

"Kwanza." (Si uongo, kwetu ni Kwanza, nilizaliwa huko. Lakini kwa nini sikusema natafuta nyumba? Niliona haya kusema nimekuja matangani kupeleleza watu.)

Nasimiyu akamtazama Mercy, kisha akamtazama Tito muda mrefu. Tito ana masikio makubwa yaliyosimama, ya baba yake, nyumbani tunamtania kwamba upepo ukivuma atapaa. Yule mwanamke akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Pole, mama. Pole sana. Usikae huku nyuma kama mtu baki."

Akatupeleka mbele, mbele kabisa, kwenye hema la familia. Na mimi mjinga nikamfuata nikifurahi! Nikasema moyoni, ona watu wakarimu hawa, mgeni hata jina hawajamuuliza na anakalishwa mbele, analetewa chai na mkate. Nikaupa mtaa alama zote. Kisha nikapewa karatasi ya ibada, nikaona picha ya marehemu, nikarudisha kikombe chini. Mzee alikuwa na masikio makubwa yaliyosimama. Chini ya picha wameandika alikuwa mkulima hodari wa mahindi, mwenye shamba Kwanza, ambako alipenda kukaa msimu wa kupanda na msimu wa kuvuna.

Sisi wa huko tunajua mambo ya wazee wa Bungoma wenye mashamba huku kwetu Trans-Nzoia. Kwenye shamba hukosi kupata jiko, na penye jiko hukosi kupata mwanamke.

Hapo ningesimama niseme samahani nimepotea. Sikusimama. Akina mama waliokuwa nyuma yangu wananong'ona, nasikia "masikio", nasikia "Kwanza", jasho linanitoka mgongoni na nje kuna baridi. Na kama hayo hayatoshi, kwaya ikaanza wimbo ule ule tuliomzikia baba yangu. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, sijalala, nimeona nyumba mbili mbovu, nina hofu ya kuhama na hofu ya kutohama, basi nikalia. Si kulia kwa kupangusa jicho, nililia na kamasi na mabega. Mjane, mama mwembamba aliyekaa karibu na jeneza na ambaye alikuwa hajatoa hata chozi, akageuka akaniangalia, na hakuondoa macho.

MC akachukua maikrofoni. "Tunasikia tuko na wageni wa kutoka Kwanza. Familia imesema wapewe nafasi. Watu wetu, leo hatufichi kitu. Mama, simama useme."

Nikasimama. Maikrofoni ikatua mkononi mwangu ikiwa na joto la mkono wa mtu mwingine.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina!"

"Mimi... mimi mzee sikumjua."

Watu wakaguna. Nikaona ni heri niseme ukweli wote mara moja nimalize.

"Mimi nilikuja tu kuangalia nyumba."

Hata kwaya waliokuwa wakikohoa waliacha kukohoa. Kisha mzee mmoja mwenye koti refu, ndugu ya marehemu, akainuka na fimbo yake. "Nyumba! Mumesikia? Ndugu yangu bado hajaingia kaburini, huyu ashaanza kuangalia nyumba!"

"Na shamba je? Ama hiyo alishachukua?" mwingine akadakia kutoka hema la pili.

Nikasema ni nyumba ya kukodi, ya kukodi, maikrofoni ikalia kama nguruwe, MC akaninyang'anya na kuomba kwaya ituokoe. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze (na kusema kweli ilikuwa imeshapasuka pale karibu, ila ilikuwa na mwenyewe). Nikageuka niwachukue watoto nikimbie, na viti vyao vilikuwa vitupu.

Aibu yote ikaniisha hapo. Sikuona MC, sikuona jeneza, niliona ile barabara ya sokoni Kitale na mtoto wangu akiitembea peke yake. Nikapiga kelele, "Tito! Mercy! Watoto wangu wako wapi?" nikakanyaga miguu ya watu, nikaangusha kiti cha mchungaji, nikazunguka nyumba huku yule mzee wa koti akinifuata na fimbo, akidhani nakimbilia kuchagua chumba.

Niliwakuta jikoni, kwenye moto. Tito yuko mapajani kwa Nasimiyu, mdomo umejaa ugali, mkononi ana paja la kuku linalomshinda ukubwa. Mercy amevishwa sweta nzito isiyo yake, anapepeta mchele na wasichana wengine kama mtu aliyezaliwa hapo.

"Huyu alikuwa na njaa," Nasimiyu akasema, hata hakuinua kichwa. "Na huyu alikuwa anatetemeka."

"Unawalisha?" mzee wa koti akafoka mlangoni. "Si unajua wamekuja kufanya nini hapa?"

"Najua, baba mdogo." Akampangusa Tito mdomo kwa kiganja. "Kama ni watoto wa baba, hawa ni ndugu zangu. Kama si wa baba, ni watoto tu. Sasa ni wapi hapo wanafaa kukaa njaa?"

Mimi nikakaa juu ya mtungi wa maji wa plastiki nikalia tena, na mara hii nililia mambo yangu mwenyewe.

Nilipopata sauti nikamweleza yote, nyumba, Wafula, zamu ya usiku, na kwa kuwa niliona mzee bado ananiangalia kwa jicho la pembeni, nikampigia mume wangu simu ya video. Bahati akashika, yuko kando ya barabara anakula, kofia imefika mpaka kwenye nyusi. Mzee akaninyang'anya simu.

"Wewe. Toa kofia."

"Wewe ni nani?" mume wangu akauliza. "Mke wangu yuko wapi?"

"Nimesema toa kofia!"

Baba Mercy akatoa kofia. Masikio yakasimama, yakajaa kioo chote. Mzee akatazama simu, akamtazama Tito, akatazama simu tena.

"Masikio ni ya huyu," akatangaza, akanirudishia simu, akaenda zake bila kuaga.

Na hapo ndipo Wafula akatokea na ufunguo unaning'inia kidoleni. "Madam, nimekutafuta! Kumbe mumeshaonana na mwenye nyumba." Mwenye nyumba ndiye aliyekuwa kwenye jeneza. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia kuna msiba, akasema, "Ningekwambia, si ungeenda kwa ajenti mwingine?"

Sikuondoka kabla ya mazishi, nilibaki nikaosha sufuria, ningeficha wapi uso? Jioni mjane akaniita, nikapiga magoti kuomba msamaha, akanivuta mkono nikae karibu naye.

"Ulinililia mzee wangu vizuri," akasema. "Mimi machozi yalikuwa yamekataa. Miaka yote nilijua siku moja kuna mtu atatoka Kwanza. Nikakuona unalia, nikasema basi, amefika. Nikaanza kufikiria hao watoto watalala wapi."

Nilimshika tu mkono, na hapo ndipo yeye alipolia.

Tulihamia mwezi uliofuata. Asubuhi baada ya zamu yangu ya kwanza ya usiku nilirudi nikakuta mlango wangu umefungwa kwa kufuli, ndani kimya, msichana wa kazi hayupo wala watoto, nikajua ni Kitale tena. Mama mmoja ninayepakana naye akafungua dirisha kabla sijaita. "Bibi Mdogo! Msichana wako alitoroka jana jioni. Watoto walilala kwa mama mwenye nyumba, Mercy ashaenda shule, na huyo Tito anakunywa chai ya tatu." Jina lilikuwa limeshaniganda. Mume wangu akija anaitwa Bwana Masikio, na bado hajanisamehe.

Nimeapa sitaingia tena kwenye hema la matanga bila kuuliza ni la nani, na nikiuliza nitasema kwanza nimefuata nini. Yule mwanamke wa Kwanza wa kweli, kama yuko, bado hajafika. Lakini mwanamke yeyote mgeni akisimama getini na watoto, mimi ndiye ninayetoka wa kwanza. Naangalia masikio, kisha hata kabla sijamuuliza jina, naweka sufuria ya chai motoni.