Mpelelezi Mbele ya Mwenyekiti wa Tawi

Watu wakiisifu riwaya ile ya mpelelezi binafsi, husema mwandishi wake, Mungu amrehemu, aliwafungulia njia waandishi wengi. Sibishi. Mimi humkumbuka kwa msomaji mmoja tu wa kijiji cha Lukozi.

Enzi za Ujamaa nilifundisha pale kisomo cha watu wazima. Kitabu tulichopewa kilihusu mbolea, na akina mama waliotoka kupiga jembe tangu alfajiri walisinzia kabla samadi haijaoza. Nikaanza kuwasomea riwaya ile. Usingizi ukaisha.

Habari zikamfikia mwenyekiti wa tawi. Aliingia darasani akaichukua mbele ya wote.

"Mwalimu, huyu bwana anapeleleza kwa niaba ya nani? Chama au serikali?"

"Anajifanyia kazi mwenyewe, mzee. Wateja humlipa."

"Wenzake wanalima pamoja, yeye ana ofisi yake peke yake! Kitabu hiki kitachunguzwa."

Kesho yake akaniita ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa usome, nami nichunguze. Miwani yangu imevunjika."

Lukozi nzima hakuna aliyewahi kumwona na miwani. Nikasoma sura moja. Akasema ushahidi hautoshi, nirudi kesho. Ushahidi haukutosha kwa wiki tatu, na kufikia ya pili alikuwa akimgombeza mpelelezi kwa kumwamini mjane.

Ilipobaki sura ya mwisho, nikakifunga kitabu. Niliogopa, maana neno lake moja lingenirudisha Tanga bila kazi, ila nilikuwa nimechoshwa na ile miwani.

"Hii utaisoma mwenyewe, mzee. Darasa linaanza saa tisa."

Aliinamisha kichwa. Nilijuta papo hapo. Lakini kesho yake alikuja, akakaa nyuma kabisa, na akina mama wakajifanya hawajamwona. Nawapenda mpaka leo kwa hilo.

Alihangaika na silabi na samadi miezi minane. Akina mama nilishawasimulia mwisho wa hadithi, lakini hakumuuliza hata mmoja. Siku alipoumaliza ukurasa wa mwisho, kidole kikifuata mstari na jasho likimtoka, nilimuuliza kama alishangaa.

"Nishangae nini? Nilijua ni yule wakili tangu wiki ya kwanza."

"Sasa umejitesa kwa nini, mzee wangu?"

"Nilitaka aliyeandika aniambie mwenyewe."