Paka wa Mkwe na Biskuti za Miembeni

Siku Mzee Bejumula aliponikabidhi paka wake naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Siku ya harusi nilivaa viatu vya kuazima, vikanibana, nikawa nafikiria vidole tu. Lakini siku ya paka nilikuwa peku, na akili zangu zote zilikuwa juu.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, huku kwetu Muleba. Asubuhi tulilima shamba la kijiji, jioni kila mtu alirudi kwenye migomba yake na kahawa yake. Nilikuwa nimempenda Kokugonza, binti wa Mzee Bejumula, naye alinipenda, ingawa siku hizi anakana mbele ya wajukuu. Kikwazo kilikuwa baba yake. Kila nilipotaka kupeleka wazee wangu wakapose, alikuwa na mgomba wa kukata.

Basi siku hiyo alikuja mwenyewe, na kikapu mkononi. Ndani alikaa paka jike wa madoa, aliyeitwa Karani kwa sababu kazi yake ilikuwa kukaa juu ya magunia ya kahawa na kumkagua kila anayeingia.

"Kijana," akasema, "nakwenda Bukoba kutibiwa macho. Nitakawia. Mlishe huyu. Nikirudi nikamkuta na afya, tutazungumza habari za posa. Nikamkuta amekonda, wewe na binti yangu mtasalimiana kanisani tu, tena kwa mbali."

"Waitu, mzee wangu," nikasema kwa adabu zetu za Kihaya, "yaani paka tu?"

"Binti yangu anakula kuliko paka."

Akaenda kupanda basi, nikabaki na kikapu.

Sisi Wahaya, mwanangu, tuna ugonjwa mmoja. Mtu anaweza kula sinia zima la wali na ugali juu yake, lakini kama hajaonja ebitoke, zile ndizi zetu za kupika, atakwambia ameshinda njaa. Shangazi yangu Paskazia alikuwa na ugonjwa huo kupita wote. Alisema mgeni wa mkwe hapewi makombo. Akamenya ndizi, akazipika na maharage mpaka zikalainika, akamwandalia Karani kwenye jani la mgomba lililopashwa moto. Karani alinusa. Kisha akanyoosha mguu, akaanza kuparua udongo kuelekea kwenye lile jani, taratibu, kama wanavyofukia paka ule uchafu wao.

Shangazi hakuniitikia salamu siku mbili.

Sasa mimi mchana nilikuwa shambani. Maziwa niliyomwachia yaliganda, nyama ilipatikana kwa nadra, na samaki mbichi ukimwacha mpaka saa sita atakuhamisha nyumba. Nikajua nahitaji chakula kikavu, cha kukaa bakulini bila kuharibika. Hapo niliwaza vizuri. Kosa likawa kwamba nilitaka chakula cha kumfurahisha mkwe, si cha kumfaa paka.

Nikapanda basi mpaka Bukoba, nikaingia duka moja pale Miembeni. Juu kabisa kwenye rafu niliona kopo la biskuti lenye picha ya mama wa Kizungu aliyepanda farasi. Likanimaliza. Nilikuwa sijui bado kwamba nyumba njema si mlango.

"Una watoto wangapi?" aliniuliza mwenye duka, mzee wa Kiislamu mpole sana, akilifunga kopo kwenye gazeti.

"Sina. Nina paka."

Alinitazama, akatazama kopo, akanitazama tena. "Mungu akusaidie, kijana wangu," akasema.

Karani alikula zile biskuti, kwa kuwa njaa haina adabu. Lakini baada ya muda tumbo lilivimba huku mgongo ukitokeza mifupa, manyoya yakachakaa, na kazi akaacha. Alilala mchana kutwa. Panya walitembea juu ya magunia ya maharage wakipishana kwa heshima.

Habari ikamfikia balozi wetu wa nyumba kumi, mtu aliyependa siasa kuliko chakula. Akaja na kusimama mlangoni.

"Nasikia humu ndani kuna kiumbe anakula biskuti za kopo," alisema. "Wananchi wanakula nini?"

"Ni paka, ndugu balozi. Wa mkwe."

"Anafanya kazi?"

Nikamtazama Karani. Alikuwa chali, miguu juu, panya akipita karibu na mkia wake.

"Kwa sasa anapumzika."

"Kupe!" akasema balozi. "Asiyefanya kazi na asile. Paka huyu ameshakuwa bwanyenye, na aliyemfanya hivyo ni wewe." Akaondoka, ila alichukua biskuti mbili, za ushahidi.

Nilicheka kwa mdomo tu. Moyoni niliogopa kwelikweli. Nilimpapasa Karani mbavu, nikaona nampoteza Kokugonza.

Aliyeniokoa ni bibi yangu mzaa baba, Ma Kokushubira. Aliniita kwake kula. Nikanawa, nikakaa, akaniwekea sahani iliyofunikwa vizuri kwa jani. Nikafunua. Majani ya ng'ombe, mabichi, yamekatwakatwa.

"Kula, mwana wange," akasema.

"Mawe, mama wee! Bibi, hiki ni nini?"

"Chakula. Ng'ombe wa baba yako anakipenda sana, na tazama alivyonenepa." Akaketi kunikabili, kiko mdomoni. "Shangazi yako anapenda ndizi, umempa paka ndizi. Wewe unapenda kuonekana msomi, umempa biskuti. Paka mwenyewe umemuuliza lini? Mtazame meno. Yale ni meno ya kutafuna ndizi?"

Nikairudishia sahani jani lake.

Kesho yake alinipeleka soko la Muleba kwenye dagaa wakavu. Muuzaji wa kwanza alikuwa na rundo la bei ya chini kabisa, nikalikimbilia. Bibi akachota konzi, akaiachia ipite vidoleni, mchanga ukabaki kiganjani. "Utamlisha paka ufukwe wa ziwa?" Wale wakubwa waliopangwa juu juu kwa ajili ya wasafiri pia aliwapita. Akasimama kwenye dagaa wa kawaida. Akamvunja mmoja, dagaa akalia kama kijiti kikavu. Akamnusa: harufu ya samaki, si ya uvundo. Akamlamba kuhakikisha hana chumvi. Tulilipa bei ambayo hainivui shati.

"Na senene zako ulizokausha uzifiche," aliniambia tukirudi, maana alijua nina akiba ya wale panzi wetu watamu. "Hizo ni za watu. Paka akizionja mara moja, mtagombana mpaka uzeeni."

Basi nikaweka dagaa kwenye debe lenye kifuniko. Kila asubuhi nilimwachia Karani kiasi chake, na bakuli la maji safi kando, maana chakula kikavu bila maji ni adhabu. Kijiji kikichinja, nilimwombea kipande cha ini. Polepole manyoya yakarudi kung'aa, mgongo ukajaa, na panya wakahama bila kuaga.

Mzee Bejumula akarudi. Macho yalikuwa yamepona, lakini hakuyaamini: alimpapasa Karani mbavu mojamoja, akaguna, akamtia kikapuni, akaenda zake, na habari za posa akaenda nazo. Asubuhi Karani alikuwa mlangoni kwangu, ameketi mbele ya bakuli. Kokugonza akaja na kikapu kumchukua. Kesho yake paka karudi, na Kokugonza na kikapu nyuma yake. Ikawa hivyo mpaka mzee akaja mwenyewe, amekasirika, binti yake nyuma na kikapu kitupu.

"Umeniibia paka," akasema. "Unamlisha nini?"

Nikafunua debe. Alichukua dagaa mmoja, akamtafuna. Akachukua mwingine. Akatazama magunia yangu yasiyo na tundu hata moja, kisha akamtazama binti yake.

"Paka ameshachagua kwake," alisema. "Na huyu naye siku hizi anabeba kikapu kwa haraka nisiyoielewa. Walete wazee wako."

Nilifurahi, mwanangu, nikaenda mbio kuwaita wazee. Mpaka leo Kokugonza husema kwamba aliyeolewa ni Karani, yeye alikuwa nyongeza.

Leo madukani kuna mifuko ya chakula kikavu cha paka yenye picha nzuri kuliko mama wa farasi. Usinunue picha. Geuza mfuko, usome kilichotajwa kwanza: kiwe samaki au nyama, si unga. Cha ghali sana kinalisha majivuno yako, na cha rahisi sana kinaweza kuwa mchanga. Tafuta kile utakachoweza kununua tena mwezi ujao. Weka maji karibu. Na yeyote utakayepewa umlishe, paka, mtoto au mzee kama mimi, mtazame meno yake kabla ya kuangalia unachopenda wewe.

Mungu akupe debe lisiloisha, ghala lisilo na panya, na mkwe anayejua kupapasa mbavu. Nenda salama, na ukipita kwa bibi yako Kokugonza mwambie Karani anamsalimu.